Fito za Wanafunzi Kumi na Sita

Merete alipofunua turubai lililofunika birika la saruji, harufu ilimfikia kabla macho hayajaona kitu. Ilikuwa harufu ya maji yaliyolala, nzito, ya kuchefua, na papo hapo alijua amechelewa. Alikunja mkono wa shati, akazamisha mkono hadi kiwikoni, akachomoa ufito mmoja. Ute ulining'inia. Alipoupitisha katikati ya vidole, ganda lote lilichomoka kama soksi iliyolowa, likabaki kiganjani mwake.

Akachomoa wa pili, wa tano, wa kumi. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

Fito za mierebi, miti ya kusukia vikapu, zikiwa na maganda hutaka siku nne majini, tano zikiwa nene, halafu zitolewe na kufunikwa kwa blanketi bichi hadi zilegee vizuri. Merete alizitia birikani Jumatano ya wiki iliyopita, akapanga kuzitoa Jumatatu. Lakini Jumatatu mwenzake kazini alishikwa na mgongo, na Merete akafanya zamu mbili mfululizo katika nyumba ya wazee. Jumanne akafanya mbili nyingine. Jumatano vilevile. Joto la Mei nalo likaja ghafla, kama mgeni asiyepiga hodi, na likafanya kazi yake ndani ya birika bila kumsubiri mtu.

Leo ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Jumamosi saa tatu asubuhi watu kumi na sita ambao hawajawahi kushika ufito maishani mwao wangeingia katika banda hili, kila mmoja akitegemea kukuta tita lake mezani na kurudi nyumbani jioni na kikapu alichokisuka mwenyewe.

Alikaa kwenye ukingo wa birika. Hakulia. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kulia kulionekana ni kazi inayotaka mtu ajipange kwanza.

Katika kisiwa kizima cha Fyn alikuwapo mtu mmoja tu ambaye angeweza kumwokoa, na huyo Merete hakuwa amesema naye kwa siku tisa. Siku tisa zilizopita Asger alisimama mlangoni kwake, hakuvua hata viatu, akamwambia kwamba amepata kazi Jylland, ng'ambo ya maji, kwenye shamba kubwa la mierebi upande wa magharibi, na kwamba angeondoka Jumapili hii. Merete alimjibu neno moja, "Hongera," akafunga mlango. Tangu siku hiyo neno hilo lilikuwa limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alifuta mkono kwenye suruali, akapiga simu.

"Fito zimeoza," alisema.

"Zote?"

"Zote."

Asger akauliza, "Umekula?"

"Asger, nakwambia fito zimeoza."

"Nimesikia. Nakuuliza kama umekula."

Upande wa pili Merete alisikia funguo za gari zikiokotwa mezani.

*

Alifika baada ya nusu saa na kigari chake cha mizigo. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na minane, mabega yake yameinama kidogo kwa kuzoea milango mifupi, nywele zake rangi ya majani makavu. Mkononi alishika mfuko wa karatasi wenye mkate mweusi na samaki wa siki, akauweka mapajani mwa Merete kama mtu anayemwekea mgonjwa. Kisha akafungua mlango wa nyuma wa gari.

Ndani zilikuwamo fito nyeupe, zilizochunwa maganda moja moja, nyororo, zimefungwa kwa urefu wake. Merete alizijua. Majira yote ya kuchipua alimwona Asger akizichuna uwanjani kwake jioni baada ya kazi. Juzi alisikia kwa watu kwamba ndizo angekwenda nazo Jylland, asukie kazi zake za kwanza kule wapate kumjua ni fundi wa namna gani.

"Hizi ni zako za safari," alisema.

"Zilikuwa."

"Utafika huko mikono mitupu."

"Nitafika na mikono. Inatosha." Alishusha tita la kwanza. "Nyeupe hazitaki wiki. Kesho mchana zikae majini kwa muda wa saa mbili, tunazifunika usiku, Jumamosi zitakuwa laini kama uzi. Leo ni kuzipanga tu. Kula kwanza."

Merete alikula. Alimtazama akiingia na kutoka, akainamisha macho kila alipogeuka, na alijichukia kidogo kwa kuinamisha. Ana miaka arobaini na saba, alijiambia, si msichana wa kujificha nyuma ya mkate.

Banda hili, birika na mafunzo yenyewe vilikuwa vya marehemu mumewe. Kresten ndiye aliyeanzisha siku za kuwafundisha wanaoanza, mara nne kwa mwaka, na ndiye aliyempokea Asger akiwa kijana wa miaka kumi na tisa asiye na kwao, akampa chumba juu ya ghala na kumfundisha kisu, shamba na kikapu. Miaka minne iliyopita moyo wa Kresten ulisimama akiwa shambani. Merete aliendelea na mafunzo kwa sababu watu walikuwa wameshajiandikisha. Kisha aliendelea kwa sababu binti yake, Signe, alisema baba angefurahi. Kisha aliendelea kwa sababu hakujua tena namna ya kuacha. Asger alileta fito kila msimu, akatengeneza paa, akanoa visu. Hakuna aliyeweza kusema ni siku gani hasa jambo lilibadilika. Merete alikumbuka tu kwamba mwezi wa pili mwaka huu, wakati wa kuvuna, barafu ikiwa bado shambani, alijikuta anacheka kwa nguvu kwa kitu alichosema Asger, na sauti ya kicheko chake ikamshtua kama ya mtu mwingine. Asger alimbusu hapo hapo, katikati ya mierebi iliyokatwa. Naye hakumzuia.

Walilifanya jambo lao siri hadi Pasaka. Siku ya pili ya Pasaka Signe aliingia jikoni bila kutarajiwa, akawakuta wameshikana mikono mezani, wala si zaidi ya hapo. Alimwambia mama yake maneno mengi siku hiyo. Alisema watu kijijini watauliza kama huyu ni mwanawe wa kiume aliyerudi. Alisema Asger alikuwa akila mezani pa baba, na sasa anataka na kiti cha baba. Merete alimwomba Asger wampe mtoto muda. Asger akasema sawa. Kisha, wiki tatu baadaye, akaja na habari za Jylland.

Sasa walifanya kazi bila kusema sana. Asger alisimamisha fito ndani ya pipa, akazitikisa zikae sawa chini, halafu akachomoa zile zilizochomoza juu kuliko zote. Hizo zilikuwa ndefu, za kusimama. Akazichomoa zilizofuata, na zilizofuata. Merete alipokea, akahesabu, akapanga juu ya meza ndefu. Kwa kila mwanafunzi vijiti sita vinene vya kitako cha kikapu, fito ishirini na nne za kusimama, na nyembamba sitini za kuzungushia, na kumi za akiba kwa wale wanaovunja kwa woga.

"Umenikasirikia," Asger alisema hatimaye, macho yake ndani ya pipa.

"Sina nguvu za kukasirika. Ningekuwa nazo ningekukasirikia sana."

"Ungesemaje?"

"Ningekuuliza kwa nini hukuniuliza mimi." Alifunga tita kwa kamba ya katani, akakaza fundo kuliko ilivyohitajika. "Ulikuja na jambo limeshaamuliwa. Kama mtu anayekuja kusoma mita ya umeme."

Asger alifungua mdomo, lakini mlango wa banda ulisukumwa.

*

Signe alikuwa ametoka mjini Odense, anakosomea ualimu, kama alivyofanya kila ilipokaribia siku ya mafunzo. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na kidevu cha baba yake, kile kidevu kinachotangulia mwili mzima kuingia chumbani. Alimbusu mama yake shavuni. Kwa Asger alitoa mkono wa baridi.

"Nilidhani umeshahama," alisema.

"Jumapili."

"Siku tatu si nyingi."

Merete alimwita kwa jina lake, kwa ile sauti ya kumtaka akome, lakini hakuwa na pumzi ya kuifikisha mbali. Signe alikuwa ameshaona fito mezani. Aliokota mmoja, akaugeuza mwangani, akasema kwamba baba hakuwapa wanaoanza fito nyeupe hata siku moja. Baba alitaka waanze na zenye maganda, wajue mti unavyoonekana.

"Baba yako hakufanya zamu sita kwa siku tatu," Merete alijibu. "Shika kisu. Vijiti vya kitako vinapasuliwa katikati, vitatu kwa kila tita. Pasua, usiseme."

Signe akapasua. Kwa saa nzima hapakusikika kitu ila kisu kikiingia kwenye kijiti na fito zikigongana ndani ya pipa. Matita yalifika sita, yakafika saba. Meza mbele ya Merete ilianza kwenda na kurudi kama sitaha ya meli. Alisema anakwenda chumba cha nyuma kuleta kamba. Aliziona kamba, ziko juu ya rafu. Chini ya rafu yalikuwapo magunia matupu, makavu, yanukayo vumbi na jua, na aliwaza kukaa juu yake dakika moja tu.

Alipofumbua macho, mwanga wa dirishani ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Mtu alikuwa amemfunika koti. Lilikuwa koti la Asger. Nyuma ya ukuta mwembamba wa mbao, aliwasikia wakizungumza, nao walikuwa wakizungumza taratibu ili wasimwamshe.

"Mbona hukumwambia ni mimi?" Signe aliuliza.

"Ningemwambia ili iweje? Ukosane na mama yako, halafu mimi nikae hapa nikifurahi?"

"Ungeweza kunikatalia. Ungeniambia hayanihusu."

"Uliniambia kama nina heshima yoyote kwa Kresten, niondoke. Ninayo. Nilikuja hapa sina mtu, Signe. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ukinipanda mgongoni. Ulidhani nitakujibu nini?"

Merete alibaki amelala pale pale. Kwa hiyo halikuwa shamba la Jylland. Halikuwa kuchoshwa naye wala na umri wake, kama alivyojiaminisha kila asubuhi mbele ya kioo kwa siku tisa.

Kisu kiliwekwa mezani. "Nikuulize kitu," Signe alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Unampenda, au unamwonea huruma? Maana mimi mwenyewe siku hizi nikimtazama namwonea huruma."

Kamba ilisikika ikikazwa, kisha Asger akajibu.

"Huruma nilikuwa nayo mwaka ule wa kwanza," alisema. "Ikaisha. Huwezi kuendelea kumwonea huruma mtu anayekufungulia kila fundo na kukwambia ufunge upya. Sasa nampenda tu. Nimejaribu kuacha, kwa ajili yako, na nimeshindwa, basi nikaona heri niende mbali nikashindwe huko."

*

Merete aliinuka. Magoti yalimuuma, upande mmoja wa shavu ulikuwa na alama za gunia, na alijua nywele zake zimesimama. Alitoka hivyo hivyo, koti la Asger mabegani. Wote wawili waligeuka. Mezani yalikuwapo matita kumi na sita, yamefungwa, yamepangwa.

"Ni kweli?" alimuuliza binti yake. "Wewe ndiye uliyemfukuza?"

Signe alikuwa na machozi tayari. "Ndiyo."

Asger alianza kusema kwamba hakufukuzwa, kwamba alikuwa mtu mzima na alichagua. Merete aliinua kiganja kumkatiza.

"Kaa," alimwambia Signe, na yeye mwenyewe akaketi juu ya kigoda cha wanafunzi. "Nitakwambia mara moja tu, maana sina nguvu za kurudia. Nilimpenda baba yako miaka ishirini na miwili. Nikamlilia. Bado kuna siku namlilia garini nikienda kazini. Lakini nimechoka kuwa mjane wake, Signe. Nimekuwa mjane kama watu wanavyokwenda kazini. Naamka, navaa, nafanya, nalala. Mafunzo haya ni yake, banda ni lake, hata huzuni ninayoibeba ni ile unayotaka wewe niibebe. Huyu," na hakumtazama Asger alipomtaja, "huyu ndiye mtu pekee anayeniuliza kama nimekula."

Signe alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Nikikubali, naona kama baba anakufa tena."

"Najua."

"Na nikija nyumbani nimkute huyu mahali pa baba?"

"Mahali pa baba yako ni pa baba yako. Atatafuta pake. Nyumba ni kubwa."

Binti alichezea mabaki ya vijiti mezani. Mwishowe alisema hajui kama atazoea. Merete alimwambia hajamwomba azoee leo. Signe akainuka, akasema anakwenda kuloanisha mablanketi ya kesho, ingawa mablanketi yalikuwa hayahitaji kuloanishwa hadi kesho yenyewe. Walimsikia akifungua bomba uwanjani na kuyaacha maji yakimwagika tu.

Asger alichuchumaa mbele ya kigoda. Walikuwa hawajakaribiana hivyo tangu Pasaka. Merete aliona kovu dogo kwenye kidole gumba chake, na vumbi la fito katika kope zake, na akatamani kulipangusa, na mkono ukakataa kuinuka.

"Nimewaahidi watu wa kule," Asger alisema. "Wananingoja Jumatatu asubuhi. Siwezi kuwaambia kwa simu kama mhuni."

"Sijakuambia ubaki."

"Basi niambie."

Merete alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. "Nitazame, Asger. Nimelala kwenye magunia mchana kweupe. Nina miaka arobaini na saba, miguu yangu inavimba, nikirudi kazini sitaki kusemeshwa. Ukibaki, utapata mtu aliyechoka."

"Sikuwa natafuta aliyepumzika."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anayemwambia mtu ni saa ngapi. Merete aliinamisha kichwa mpaka paji la uso wake likagusa bega la Asger, na akakiacha kichwa pale, chote, na uzito wake wote. Uwanjani maji yaliendelea kumwagika. Hakuna aliyekwenda kulifunga bomba.

*

Jumamosi walikuja wote kumi na sita. Alikuwapo mwalimu mstaafu aliyetaka kujua jina la kila aina ya mwerebi, na mume na mke waliogombana juu ya kitako cha kikapu hadi ikabidi wakalishwe meza mbalimbali, na msichana mmoja mwoga ambaye alimaliza fito zake zote za akiba kabla ya saa nne. Fito nyeupe zilipinda bila kuvunjika. Asger alipita upande huu wa banda, Signe upande ule, na mara mbili Merete aliwaona wameinamia kikapu kimoja, wakibishana juu ya ukingo kwa sauti za watu wanaojua wanachobishania. Yeye alikaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka minne alifundisha ameketi, akaona kumbe inawezekana.

Jioni watu waliondoka na vikapu vyao vilivyoegama kila upande, wakivibeba kwa mikono miwili kama watoto wachanga. Msichana mwoga aliuliza mafunzo mengine ni lini. Merete alijibu kwamba bado hajui kama yatakuwapo, na akaona Signe amesikia, akaendelea kukusanya visu.

Walifagia mabaki. Asger alitoka kupakia vifaa vyake garini. Merete alisimama karibu na mlango, akimpa binti yake mgongo nusu, akasema kwamba kesho hatakuwapo. Anakwenda Jylland na Asger. Jumatatu asubuhi atasimama naye wakati anawaambia wale watu kwamba hataanza kazi, halafu labda watakwenda kuiona bahari ya upande ule, ambayo hajaiona tangu Signe azaliwe.

Signe aliendelea kufagia. Alifagia mahali pamoja mara tatu. Alichukua beleshi, akazoa, akamwaga kwenye ndoo, akasimama akiishika ndoo kwa mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu, naye hakujaribu kuyaficha.

"Jumatatu mtarudi saa ngapi?" aliuliza. "Nijue chakula niweke saa ngapi."

Merete alilisikia lile neno, "mtarudi," akaliacha likae. Aliogopa kuligusa.

"Jioni," alisema. "Kabla ya saa moja."

Signe alitikisa kichwa kukubali, akampita, akatoka na ndoo yake kuelekea kule lilikoegeshwa gari. Kupitia mlango uliobaki wazi Merete alimsikia akimuuliza Asger, kwa sauti kavu bado, kama anakula samaki wa aina yoyote au naye ni wa kuchagua.